Shule ya Kikatoliki Meru na Embu: Mambo ya Kuuliza Kabla ya Kulipa Karo

Mzazi anayetafuta shule ya Kikatoliki Meru au Embu asianze na karo wala matokeo ya mtihani. Aanze na swali hili: shule hii ni ya nani? Watu husema "ni ya masista" au "ni ya misheni" na mazungumzo yakaishia hapo, ilhali maneno hayo yanafunika shule za aina mbili zinazotofautiana kisheria, kifedha na hata kwa njia ambayo mtoto atapata nafasi.

Aina ya kwanza ni shule za umma ambazo Kanisa ni mfadhili wake. Nkubu High School, St. Mary's Igoji na Kyeni Girls ya upande wa Runyenjes zimo katika kundi hili. Walimu wake, mwalimu mkuu akiwemo, wanaajiriwa na kuhamishwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC. Serikali hutuma pesa kwa kila mwanafunzi, na nafasi za Gredi ya 10 hugawanywa na Wizara ya Elimu. Aina ya pili ni shule za kibinafsi, ambako jimbo, parokia au shirika la watawa ndilo lenye ardhi na majengo na ndilo linalolipa mishahara. Humo zimo akademia za parokia, na pia seminari ndogo kama St. Pius X ya Nkubu, inayowalea wavulana wanaofikiria upadri. Kwenye shule za aina hii ya pili Kanisa lenyewe ndilo linalomteua mwalimu mkuu, linalopanga karo na kuamua nani aingie.

Mgawanyo huu una chanzo chake. Wamisionari wa Consolata walifika Meru mwaka 1911 wakaanzia Mujwa, kisha wakaenda Igoji na Tigania, na kila walipojenga kanisa walijenga na darasa. Meru ilifanywa jimbo mwaka 1953. Mwaka 1986 ikamegwa, Embu ikapata jimbo lake, na askofu wake wa kwanza akawa John Njue, ambaye baadaye alifanywa kardinali. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 shule za misheni ziliingia mikononi mwa serikali, makanisa yakabaki na cheo cha mfadhili. Uzito wa cheo hicho umeelezwa katika Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013: mfadhili ana wawakilishi watatu katika bodi ya usimamizi, anashauri kuhusu malezi ya kiroho, na anaweza kuweka padri wa kuhudumia shule kwa gharama yake mwenyewe, mradi dini za wengine ziheshimiwe. Kuajiri walimu na kuwafuta kazi hakumo.

Ndiyo maana, katika shule ya umma, Ukatoliki unategemea watu waliopo kuliko hati iliyo kabatini. Sista aliyeinua shule kwa miaka mingi anaweza kuhamishwa muhula ujao. Parokia ikipungukiwa na mapadri, Misa ya wanafunzi iliyokuwa ya kila wiki inakuwa ya mara moja kwa muhula. Sifa uliyoipata kwa jirani aliyesoma hapo zamani ni sifa ya shule ya wakati ule. Uliza mwalimu mkuu wa sasa amekaa miaka mingapi. Uliza padri anayehudumia shule ni nani na alikuja lini mara ya mwisho. Kisha, ukikutana na wanafunzi wawili watatu karibu na lango, waulize wao jina la padri huyo. Wakilitaja papo hapo na kukueleza alichohubiri, umepata habari ambayo hakuna kijitabu cha shule kitakachokupa.

Jambo jingine linalochanganya wengi: si kila shule ya misheni huku kwetu ni ya Kikatoliki. Wamisionari wa kwanza waligawana eneo hili, na alama za mgawanyo huo zipo hadi leo. Kaaga ni ya Wamethodisti, Chogoria ni ya Wapresbiteri, Kigari ya Embu ni ya Waanglikana. Ukiambiwa tu kwamba shule "ni ya kanisa", uliza ni kanisa lipi, maana jibu ndilo litakaloamua mtoto wako atapata Misa na maungamo au atapata ibada ya namna nyingine.

Niseme wazi ninavyoamini. Kama shabaha yako ni alama tu, shule nzuri zipo nyingi, na baadhi yake, kama Kangaru au Meru School, si za kanisa lolote. Sababu ya kuchagua shule ya Kikatoliki ni malezi: jinsi mtoto anavyofundishwa kuishi na wenzake, kusali, kufanya kazi kwa mikono, kusema kweli hata ikimgharimu. Kwa hiyo kagua malezi kwa ukali uleule ambao wengine huutumia kukagua alama. Omba ratiba ya wiki nzima, ile inayotoka asubuhi ya Jumatatu hadi Jumapili usiku, na usikubali kupewa ya masomo peke yake. Tazama saa zilizo nje ya darasa. Sala ya asubuhi inaongozwa na nani? Kipindi cha malezi ya kiroho, ambacho walimu hukiita PPI, kimewekwa kwenye ratiba na kinafundishwa kweli, au kimemezwa na marudio ya hisabati? Chama cha vijana wanafunzi Wakristo, YCS, kinakutana lini, na mwalimu gani anakilea? Jumamosi alasiri watoto wanafanya nini? Mahali ambapo hakuna mwenye jibu la swali hilo la mwisho, watoto hujilea wenyewe.

Usichanganye somo la CRE na malezi ya Kikatoliki. CRE hufuata mtaala wa taifa unaoandaliwa na taasisi ya mitaala, KICD, na mtoto wa Kaaga na wa Nkubu husoma mambo yaleyale. Kinachoifanya shule iwe ya Kikatoliki hufundishwa nje ya somo hilo, na hakina mtihani.

Kuna suala la sakramenti ambalo wazazi wengi hulikumbuka likiwa limechelewa. Mtoto akienda bweni akiwa katikati ya mafundisho ya Komunyo ya kwanza au ya Kipaimara, nani atayamalizia? Zipo shule zenye katekista wake na mafundisho yanayokubaliwa na parokia ya karibu. Zipo ambazo mtoto hukaa miaka mitatu bila kufundishwa chochote, akarudi nyumbani akiwa mkubwa na aibu ya kukaa darasa moja na watoto wadogo. Kabla hajaondoka, zungumza na katekista wa parokia yako, akuandikie barua inayoonyesha mtoto amefikia wapi. Peleka nakala ya cheti cha ubatizo, ubaki na nyingine nyumbani. Kipaimara kinachotolewa shuleni kinapaswa kuandikwa pia kwenye daftari la parokia alikobatizwa. Fuatilia hilo mwenyewe, kwa sababu siku ya kuandikisha ndoa ndiyo siku ambayo watu wengi hugundua kwamba halikuandikwa. Na ikiwa mtoto atasoma shule ya kutwa, jumuiya ndogondogo na parokia ya nyumbani zitamlea vizuri kuliko ratiba yoyote ya bweni. Hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu elimu ya Kikristo, Gravissimum educationis ya tarehe 28 Oktoba 1965, inawataja wazazi kuwa walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Shule ni msaidizi wako.

Sasa usalama, na hapa naomba mzazi asiharakishe.

Usiku wa tarehe 13 Julai 1991, katika shule ya mseto ya bweni ya St. Kizito, Tigania, wavulana walivamia bweni la wasichana. Wasichana 19 walikufa, na wengine zaidi ya 70 walibakwa. Shule hiyo ilibeba jina la shahidi kijana wa Uganda, na jina halikumlinda mtoto hata mmoja. Wazazi wengi wa leo walikuwa watoto au hawajazaliwa, lakini kila anayepeleka mtoto bweni katika Meru anapaswa kulijua tukio hili na kuuliza maswali yanayotokana nalo. Usiku nani analala karibu na watoto? Kuna matroni au mlezi mmoja kwa watoto wangapi? Mtoto akitishwa na wakubwa, anamwambia nani, na huyo anayeambiwa anaweza kufikiwa saa nane za usiku? Kama shule ni ya mseto, mabweni yametenganishwa vipi, na ufunguo uko kwa nani?

Kisha kagua jengo kwa macho yako. Mwongozo wa usalama shuleni uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 ni wa kupimika: nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, njia ya kupita katikati isipungue mita 2, milango iwe na upana wa futi 5 na ifunguke kwa nje, madirisha yasiwe na vyuma. Nenda na futi ya kupimia. Mwalimu mkuu mwema hatakasirika, atakuongoza mwenyewe. Ukiambiwa wazazi hawaruhusiwi kuona bweni, hata siku ya kuandikisha, ondoka. Mnamo Septemba 2024 moto uliua wavulana 21 katika bweni la shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya jirani ya Nyeri, na baadaye mwaka huo Wizara ikafunga mabweni ya shule za msingi 348. Shule unayoitaka ikiwa ya msingi na ina bweni, omba kuona kibali chake cha sasa.

Kwa maoni yangu, mtoto aliye chini ya Gredi ya 7 abaki nyumbani ikiwezekana hata kidogo. Najua kuna mama wanaofanya kazi Nairobi au Mombasa, na nyanya wa Mikinduri au Kiritiri ameshachoka. Kwao bweni ni lazima, wala sitawalaumu. Lakini anayeweza kuchagua kati ya bweni la sifa lililo mbali na shule ya kutwa ya parokia ambayo mtoto anaifikia kwa miguu, achague ya kutwa. Mtoto wa miaka minane anahitaji mtu wa kumuuliza kila jioni kwa nini amenyamaza.

Kuhusu adhabu, sheria haina utata: kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kinakataza adhabu ya viboko na mateso ya kiakili. Bado kuna shule, za kanisa na zisizo za kanisa, zinazojivunia nidhamu ya fimbo, na kuna wazazi wanaozipendea hilo. Muulize mwalimu mkuu mtoto akikosa anafanyiwa nini. Msikilize anavyojibu, hasa akianza kwa kicheko. Uliza pia kuhusu msichana akipata mimba. Sera ya serikali inamruhusu kurudi shuleni baada ya kujifungua, na shule inayodai kutetea uhai itaonekana hapo kama inamaanisha isemacho, kwa namna inavyompokea msichana huyo tena.

Hali ya hewa haitajwi kwenye fomu, lakini mtoto ataishi nayo. Shule za juu karibu na msitu wa Mlima Kenya, huko Kibirichia au juu ya Kevote, zina baridi kali mwezi wa Julai, na mtoto mwenye pumu ataumia. Za Tharaka na Mbeere zina joto, malaria na ukame. Huko uliza kuhusu tangi za maji na kisima kabla ya kuuliza kuhusu kompyuta. Uliza pia zahanati au hospitali iliyo karibu na nani humpeleka mtoto usiku.

Tuje kwenye pesa. Katika sekondari ya umma serikali imepanga kulipa shilingi 22,244 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ingawa mara nyingi pesa hizo huchelewa au hufika pungufu, na kikomo cha karo ya bweni kwa shule za kitaifa kimekuwa shilingi 53,554 kwa mwaka. Kwa hiyo shule ya umma ikikudai zaidi ya mwongozo wa Wizara, dai maelezo kwa maandishi: nyongeza hiyo imeidhinishwa na nani, na wazazi waliikubali katika mkutano gani? Kuwa ya Kikatoliki hakuipi shule ya umma ruhusa ya kutoza zaidi. Akademia ya parokia inapanga karo yake, na hapo uzito uko kwenye yasiyoandikwa: sare ya siku za kawaida na ya Jumapili, basi, ziara, chakula cha mchana, mchango wa jengo. Omba orodha ya malipo ya mwaka mzima na uijumlishe mwenyewe. Lipa benki, chukua risiti, usimpe mtu yeyote pesa mkononi, hata akiwa na msalaba kifuani.

Mfuko wa familia za huku haufuati kalenda ya shule. Bonasi ya majani chai huja karibu na Oktoba. Kahawa hulipwa chama kinapouza. Miraa ya Igembe na muguka wa Mbeere huleta pesa ndogondogo karibu kila siku, lakini bei yake hupanda na kushuka ghafla. Januari, shule zinapofunguliwa, ndio mwezi ambao wengi hawana kitu. Nenda kwa mwalimu mkuu Novemba au mapema Desemba, kabla ya deni, mkubaliane ratiba ya malipo inayofuata mapato yako, na iwekwe sahihi. Shule za masista mara nyingi husikiliza mzazi anayekuja mapema na ukweli wake, kuliko anayejificha hadi mtoto arudishwe nyumbani. Na ombi la basari ya NG-CDF au ya kaunti lipeleke mara tangazo linapotoka. Fomu nyingi huhitaji muhuri wa chifu na barua ya shule, na hivyo huchukua siku.

Kwa wenye watoto wanaoingia sekondari ya juu, mambo yamebadilika sana, na sifa za zamani zinadanganya. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia Januari 2026, na mtihani wa mwisho wa KCSE ni wa 2027. Shule nyingi za Kikatoliki zilizopata jina zilipata jina hilo katika mfumo wa 8-4-4. Leo uliza njia zinazofundishwa hapo kati ya zile tatu, yaani sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo, kisha uliza kama kuna mwalimu wa kila somo katika mchanganyiko wa masomo ambao mtoto wako anautaka. Maabara nzuri bila mwalimu wa fizikia ni chumba tu. Kumbuka pia kwamba kwa shule ya umma unapanga machaguo na mtoto kwenye fomu ya Gredi ya 9, halafu Wizara ndiyo inayompanga. Barua ya padri haina nafasi hapo, na yeyote anayekuuzia nafasi kwa jina la Kanisa ni tapeli. Mtoto ambaye mikono yake ina akili kuliko kalamu asilazimishwe njia ya wengine. Wasalesiani wana chuo cha ufundi cha Don Bosco pale Embu, na hayo pia ni malezi ya Kikatoliki.

Na mzazi asiye Mkatoliki? Wengi wa Meru na Embu wanaozipenda shule hizi ni Wamethodisti, Waanglikana, Wapentekoste, hata Waislamu wa mjini. Shule ya umma hairuhusiwi kumbagua mtoto kwa ajili ya dini anapotafuta nafasi, na Kifungu cha 32 cha Katiba kinasema hakuna atakayelazimishwa kufanya tendo lililo kinyume na imani yake. Hata hivyo migongano hutokea. Kesi ya hijabu katika shule ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, inayofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, ilianzia Mahakama Kuu ya Meru. Mahakama ya Rufaa iliwakubalia wasichana Waislamu kuivaa, kisha Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaubatilisha uamuzi huo kwa sababu za utaratibu wa kesi. Familia ziliishi katika mvutano huo kwa miaka. Afadhali kuuliza kabla ya kuandikisha: Misa ya Jumapili ni lazima kwa wote? Msabato atasamehewa kazi na masomo ya Jumamosi? Mavazi ya dini yanaruhusiwa? Jibu likikuridhisha, omba liandikwe. Lisipokuridhisha, tafuta kwingine kwa amani, kwa sababu si haki kumpeleka mtoto apigane vita ambavyo wewe uliviona vinakuja.

Mtoto akishaingia, kazi yako inaendelea. Sheria inawapa wazazi viti 6 katika bodi ya usimamizi ya shule ya umma, mara mbili ya vile vya mfadhili. Nenda kwenye mkutano wa uchaguzi, usiwaachie wanaopenda vyeo. Siku ya kutembelea, kaa na mtoto mbali na walimu na umuulize maswali madogo: analala karibu na nani, anakula na nani, nani humcheka, Jumapili iliyopita walifanya nini. Likitokea jambo baya, anza kwa mwalimu mkuu, kisha padri na ofisi ya elimu ya jimbo, Meru au Embu, na ikiwa ni shule ya umma, TSC na ofisi ya elimu ya kaunti. Lakini likiwa ni kuguswa mwili au kupigwa, usizunguke ofisini, wala usikubali kesi imalizwe kimyakimya ili jina la shule lisichafuke. Nenda polisi na hospitali siku hiyohiyo. Simu ya kuwasaidia watoto ni 116, bila malipo. Mfundishe mtoto aikariri kabla hajafunga sanduku.